Adrian Atiman: mtoto aliyeuzwa, munganga wa ziwa Tanganyika

Kila mwaka kuna vijana wa Kolwezi wanaopanda bisi kwenda Lubumbashi, karibu kilometa 300, kusomea farmasi. Wanaondoka nyumbani wakijua wanaenda kujifunza dawa: kinini, antibiotiki, siropo ya watoto. Wakifika wanakuta kitu kingine kinawangoja kwanza. Kuna anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili na mifupa yake 206. Kuna histolojia, elimu ya tishu zenye zinaonekana tu chini ya mikroskopi. Kuna na embriolojia, elimu ya namna mtoto anavyojengeka ndani ya tumbo la mama. Wengi wanauliza: mtu atakayekuwa nyuma ya meza ya farmasi, mifupa ni ya nini kwake?

Jibu moja liko katika maisha ya mzee mmoja wa ziwa Tanganyika, ng'ambo ya pili, ukiangalia kutoka Mpala na Moba. Aliitwa Adrian Atiman. Alikuwa munganga, alikuwa mwenye kutoa dawa, alikuwa katekista, na kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka 67 mahali pamoja. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa mtoto aliyeuzwa.

Kutoka mto Niger mpaka jangwani

Atiman alizaliwa karibu mwaka wa 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika inchi yenye leo inaitwa Mali. Alipokuwa na umri wa miaka karibu 10, Watuareg walimteka na kumtoa kwa wazazi wake. Aliuzwa, kisha akapelekwa kaskazini kuvuka jangwa la Sahara pamoja na misafara ya biashara.

Watu wa Lualaba wanaijua biashara ya namna hiyo kupitia historia yao wenyewe. Miaka ileile, kule Bunkeya, Msiri alikuwa anatawala ufalme wa Wayeke. Misafara ilikuwa inatoka kwake na shaba, pembe za tembo na watu, ikielekea Tabora na pwani ya mashariki, ao magharibi mpaka Benguela. Shaba ilihesabiwa kwa vipande, pembe zilipimwa kwa uzito, na mtu alikaguliwa mwili: meno, mikono, miguu, kifua. Mwenye kununua alitaka kujua tu kama mwili huo utafanya kazi. Hivyo ndivyo mwili wa binadamu ulivyoangaliwa sokoni, Timbuktu kama Tabora.

Huko kusini ya Aljeria, mapadri wa shirika la Mapadri Weupe walimkomboa Atiman kwa kulipa bei yake, wakampeleka Algiers kusoma pamoja na watoto wengine waliokombolewa. Alibatizwa kwa jina la Adrien, lenye Waingereza walikuja kuandika Adrian. Wazazi wake hakuwaona tena.

Wazo la Kadinali Lavigerie

Mkubwa wa mapadri hao alikuwa Charles Lavigerie, Mfaransa, aliyefika Algiers kuwa askofu mkuu mwaka wa 1867 na kuanzisha Mapadri Weupe mwaka uliofuata. Mwaka wa 1878 alituma wamisionari wa kwanza kuelekea maziwa makubwa ya Afrika ya kati. Habari zilizorudi hazikuwa nzuri. Homa na kuhara damu vilikuwa vinawamaliza Wazungu mmoja mmoja. Kuleta munganga kutoka Ulaya kulikuwa na gharama kubwa, na munganga mwenyewe angeweza kufa kabla ya kufungua sanduku lake la dawa.

Lavigerie akafikiri namna nyingine. Kwa nini vijana Waafrika, wale waliokombolewa utumwani, wasisomeshwe unganga mpaka mwisho, kisha warudi kuishi katikati ya Waafrika wenzao? Hakutaka wajifunze kufunga bandeji tu. Alitaka wasome iniversite. Na alisisitiza kwamba wasigeuzwe kuwa Wazungu wenye ngozi nyeusi: wale kama watu wa Afrika, wakae kama wao, ili mgonjwa asiogope kuwakaribia.

Alichagua kisiwa cha Malta, katikati ya bahari ya Mediterania. Lugha ya wenyeji wa Malta iko karibu na Kiarabu, chenye vijana hao walikuwa wameshazoea Aljeria. Na Malta ilikuwa na iniversite. Mwaka wa 1881 kundi la kwanza lilifika. Atiman alikuwa ndani yake, kijana wa miaka karibu 15.

Hapa kuna jambo dogo lenye linafaa kukumbukwa. Mwaka mmoja mbele, mwezi wa Novemba 1880, katika mji wa Constantine, Aljeria, munganga mmoja wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa anaangalia damu ya askari mwenye homa kupitia mikroskopi. Akaona ndani yake wadudu wadogo wanaocheza. Wale ndio wadudu wa malaria. Ugonjwa wenye ulikuwa unawamaliza wamisionari wa ziwa Tanganyika ulijulikana chanzo chake katika inchi ileile kijana Atiman alikokuwa anasoma alfabeti.

Malta: kuusoma mwili kutoka ndani

Unganga wa Malta una mizizi ya zamani. Mwaka wa 1676 Nicola Cotoner, mkubwa wa mashujaa wa Mtakatifu Yohana waliotawala kisiwa hicho, alianzisha shule ya anatomia na upasuaji katika lopitali yao kubwa ya Valletta. Mwalimu wake wa kwanza, Giuseppe Zammit, hakuishia kwenye maiti tu. Alipanda pia bustani ya miti ya dawa, ili wanafunzi wajue mwili na wajue mti wenye unaweza kuuponya. Anatomia na farmasi zilianza pale zikiwa ndugu wa nyumba moja. Iniversite yenye Atiman aliingia miaka 200 baadaye ilikuwa na mizizi katika shule hiyo.

Masomo yalikuwa mazito. Yalifundishwa kwa Kiitaliano, majina ya viungo yalikuwa ya Kilatini, na vijana wa Lavigerie walikuwa wametoka kwenye lugha za Sudani, Kiarabu na Kifaransa. Kila mfupa uko na jina, na kila jina liko na sehemu zake: kichwa cha mfupa, shingo yake, tundu lenye mshipa unapitia. Mwanafunzi wa leo wa Lubumbashi anayekariri majina hayo usiku, akizima taa majina yanaanza kukimbia, angeelewana na Atiman mara moja.

Baada ya mifupa zinakuja nyama, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, moyo, ini, figo. Katika chumba cha anatomia maiti inalazwa juu ya meza na kufunguliwa pole pole, siku kwa siku, kwa heshima. Mbele ya meza hiyo alisimama kijana aliyekuwa ameuzwa sokoni. Mnunuzi alikuwa ameuangalia mwili wake kutoka nje ili ajue bei. Sasa yeye alikuwa anauangalia mwili kutoka ndani ili ajue namna ya kuuponya. Na ndani, chini ya ngozi yenye unene wa milimita chache tu, mfalme na mtumwa wanafanana: moyo uko upande uleule, ini liko chini ya mbavu zilezile, damu inazunguka njia ileile.

Wakati huo histolojia nayo ilikuwa elimu changa. Mwaka wa 1839 Mjerumani Theodor Schwann, aliyefundisha baadaye Louvain na Liège, Ubelgiji, alikuwa ameonyesha kwamba mwili wote wa mnyama umejengwa kwa seli. Mwaka wa 1858 Rudolf Virchow aliendelea mbele: ugonjwa unaanzia ndani ya seli. Kwa wanafunzi wa miaka ya 1880, kuangalia kipande chembamba cha ini ama cha utumbo chini ya mikroskopi ilikuwa kuangalia kitu chenye babu za walimu wao hawakukijua.

Mdudu wa homa ya Malta

Mwaka wa 1887, Atiman akiwa bado mwanafunzi, jambo kubwa lilitokea kisiwani. Kulikuwa na homa moja yenye ilisumbua askari wa Uingereza na raia wa Malta. Inapanda, inashuka, inarudi, kwa miezi. Munganga wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alichukua vipande vya wengu la askari waliokufa na homa hiyo, akatafuta, na akamtoa mdudu wake. Miaka 18 baadaye, mwaka wa 1905, Mmalta Themistocles Zammit, aliyesomea unganga katika iniversite hiyo hiyo miaka ileile ya Atiman, alionyesha kwamba mdudu huyo anapita kwa maziwa ya mbuzi. Watu wakaambiwa wachemshe maziwa.

Jina la Bruce litarudi karibu na maziwa yetu. Mwaka wa 1903 alikuwa Uganda, na huko ndiko alikoonyesha kwamba ugonjwa wa usingizi unaletwa na mdudu anayebebwa na mbung'o. Ugonjwa huo ulifika pia kwenye kando za ziwa Tanganyika, pande zote mbili, na serikali za kikoloni zilihamisha vijiji vizima juu yake.

Ndiyo maana elimu yenye Atiman aliipata Malta haikuwa elimu ya mbali. Wengu la askari lililofunguliwa na kuangaliwa vizuri lilisema kitu chenye macho matupu hayakuona. Njia ileile, kutoka kiungo mpaka tishu, kutoka tishu mpaka mdudu, ndiyo ilikuja kueleza homa za ziwa.

Njia ya miguu mpaka Karema

Atiman alimaliza masomo mwaka wa 1888. Mwaka huohuo Lavigerie, sasa kadinali, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya biashara ya watumwa katika Afrika ya kati na kuomba mataifa yaikomeshe. Wakati mzee alikuwa anasema kwa mdomo katika makanisa makubwa ya Ulaya, kijana wake alikuwa anaingia merikebu kuelekea Zanzibar.

Kutoka pwani mpaka ziwa Tanganyika ni karibu kilometa 1,000. Hakukuwa na treni. Ilikuwa njia ya misafara, ya miguu, wapagazi wakibeba mizigo kichwani na begani. Na ilikuwa njia ileile yenye watumwa walishushwa nayo. Atiman alipanda nayo kuelekea ndani, huru, na dawa kati ya mizigo. Alifika Karema mwaka wa 1889.

Karema iko kando ya mashariki ya ziwa, katika inchi yenye leo ni Tanzania. Mbelgiji, Kapiteni Cambier, alikuwa amejenga kituo pale mwaka wa 1879 kwa ajili ya shirika la mfalme Léopold II. Ng'ambo, upande wa Kongo, kituo cha Mpala kilijengwa mwaka wa 1883. Vyote viwili vilipewa Mapadri Weupe mwaka wa 1885. Watu wa pande hizo mbili walivuka ziwa kwa mitumbwi, na habari za munganga mpya hazikukawia kuvuka nao.

Wakati ule ziwa halikuwa na amani. Rumaliza wa Ujiji na watu wake walikuwa bado na nguvu, vijiji vilichomwa, watu walitekwa. Upande wa Mpala na Mrumbi, Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, alilinda watu kwa bunduki. Aliishi upande huo wa ziwa mpaka kifo chake mwaka wa 1927. Atiman yeye alikuwa na kisu cha upasuaji, bandeji na chupa.

Mwaka ule wa 1889 alioa. Mke wake alikuwa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende, wenyeji wa pale. Kwa ndoa hiyo kijana asiye na ukoo, aliyetolewa mto Niger bila kujua njia ya kurudi, alipata shemeji, mababa wakwe na wajomba wa watoto wake. Alikuwa mtu wa Karema. Mtoto wake mmoja, Joseph, alikuja kuwa padri.

Munganga na farmasi ndani ya mtu mmoja

Mahali kama Karema hapakuwa na munganga upande huu na mwenye farmasi upande ule. Wote walikuwa mtu mmoja. Vidonge vilivyo tayari vilikuwa vichache. Masanduku ya dawa ya misheni za wakati ule yalikuwa na unga wa kinini, ipeka kwa ajili ya kuhara damu, laudano ya kutuliza maumivu, chumvi ya kusafisha tumbo. Unga unapimwa kwa mizani ndogo, unagawanywa, unafungwa katika vikaratasi. Dawa ya maji inakorogwa na kutiwa katika chupa. Akikosea kipimo, hakuna mwengine wa kumrekebisha.

Hapo ndipo jibu la swali la mwanafunzi linaonekana wazi. Kinini yenyewe ni kazi ya watu wa farmasi: Pelletier na Caventou, wawili wa Paris, waliitoa katika ganda la mti wa kinkina mwaka wa 1820. Lakini kinini ndani ya chupa bado haijaponya mtu. Inapaswa kupita tumboni, iingie katika damu kupitia ukuta wa utumbo mwembamba, ipite kwenye ini, ifike kwenye chembe nyekundu za damu zenye mdudu wa Laveran amejificha ndani yake. Kila hatua ya safari hiyo ni anatomia. Kila ukuta wenye dawa inauvuka ni histolojia. Mtu anayetapika kila kitu, dawa ya kunywa haimsaidii. Mtu mwenye ini lililoharibika, kipimo cha mwenzake kinaweza kumuua. Mtoto si mtu mzima mdogo: figo zake na ini lake bado havijakomaa, ndiyo maana kipimo chake hakipatikani kwa kukata tu kidonge vipande viwili.

Na kwa mama mwenye mimba kuna watu wawili wanaokunywa dawa. Kondo la nyuma linapitisha chakula na hewa kwa mtoto, na linapitisha pia dawa nyingi. Munganga wa kijiji ambaye hajui mtoto amefikia wapi katika kujengeka kwake anatoa dawa akiwa amefumba macho.

Atiman hakuziba masikio kwa elimu ya wenyeji. Alijua pia miti ya dawa ya inchi alimoishi, kama vile mwalimu wa kwanza wa Valletta alivyopanda bustani yake karibu na chumba cha anatomia. Mti haukuwa adui wa chupa. Jambo lilikuwa ni moja: kujua kitu gani kinafanya nini ndani ya mwili, na kwa kipimo gani.

Aliwatibu wamisionari waliokuwa wamezoea kufa vijana. Aliwatibu zaidi watu wa vijiji, wavuvi, wakulima, wamama, watoto, na wale waliotoroka utumwani wakafika Karema na vidonda. Tena alikuwa katekista: mchana munganga, jioni mwalimu wa dini.

Serikali zilikuja, zikaenda

Ukihesabu bendera zenye zilipita juu ya kichwa cha mzee huyo utachoka. Alifika wakati utawala wa Wajerumani ulikuwa bado ni jina kwenye karatasi. Kisha Wajerumani wakawa mabwana wa kweli. Ikaja vita ya 1914, na ziwa likawa uwanja wa vita.

Watu wa Lualaba nao waliona kipande cha vita hiyo kikipita mbele ya macho yao. Mwaka wa 1915 boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilifika kwa treni mpaka Fungurume, mwisho wa reli wakati ule. Kutoka pale zilivutwa porini kwa mashini za mvuke na ng'ombe, zikapandishwa milima ya Mitumba, zikashushwa mpaka mto Lualaba, na mwishoni zikafika ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wajerumani. Mwaka wa 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji walishika kando ya mashariki ya ziwa. Kisha wakaja Waingereza, na inchi ikaitwa Tanganyika.

Wajerumani, Wabelgiji, Waingereza: mzee Atiman alibaki Karema. Homa haikuuliza bendera, na yeye hakuuliza. Mwaka wa 1946, akiwa na umri wa miaka karibu 80, masimulizi ya maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yalichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mtoto aliyeandikwa bei sokoni alikuwa sasa ameandika habari zake mwenyewe.

Mwaka wa 1956

Adrian Atiman alikufa Karema mwaka wa 1956, na umri wa miaka karibu 90. Miaka 67 ilikuwa imepita tangu alipofika kwa miguu. Alichojifunza Malta katika miaka saba ndicho alichotumia mwanzoni peke yake, bila iniversite ya karibu, bila laboratware ya kumpelekea damu, bila simu ya kumuuliza mwenzake. Kilichokuwa kichwani ndicho kilichokuwepo.

Mwaka huohuo wa 1956, mwezi wa Novemba, iniversite ilifungua milango Elisabethville, yenye leo ni Lubumbashi. Kijana wa Kongo hakuhitaji tena kuvuka jangwa na bahari ili aingie darasani. Leo hii iniversite hiyo iko na fakulte ya farmasi, na ndiko bisi za kutoka Kolwezi zinakowapeleka wale vijana.

Mwaka uliofuata, 1957, huko Ujerumani dawa moja iitwayo thalidomaidi ilitolewa sokoni. Ilisifiwa kuwa salama kabisa, na wamama wenye mimba waliinywa ili wapunguze kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa wakiwa na mikono ao miguu mifupi, wengine bila mikono kabisa. Mikono na miguu ya mtoto inajengeka kati ya wiki ya nne na ya nane ya mimba, wakati mama wengine hata hawajajua kama wako na mimba. Dawa ilipita kondo la nyuma wakati uleule. Ilitolewa sokoni mwaka wa 1961. Tangu hapo hakuna shule ya farmasi yenye inaweza kusema kwamba embriolojia ni kazi ya wanganga peke yao.

Kolwezi ya leo si Karema ya 1889. Kuna lopitali, kuna farmasi kila barabara, kuna na meza za dawa sokoni karibu na nyanya na samaki. Lakini kitu kimoja hakijabadilika. Mchimbaji wa mikono anayetoka shimoni na kifua kinachomuuma, mama anayebeba mtoto mwenye moto usiku, mara nyingi hawaanzi kwa munganga. Wanaanza kwa mwenye kuuza dawa. Wanasimama mbele ya meza yake, wanaeleza kwa maneno matatu, wanatoa franka. Yule mtu nyuma ya meza ndiye Atiman wao kwa dakika hiyo.

Anaweza kuangalia mkono wenye kushika pesa, kama mnunuzi wa zamani alivyoangalia meno. Ao anaweza kuuona mwili wote, na ini lake, na figo zake, na pengine mtoto mdogo ndani yake mwenye bado hajulikani. Macho ya namna hiyo ya pili hayaji yenyewe. Yanajengwa usiku, mwaka wa kwanza, mfupa kwa mfupa, wakati mwanafunzi anajiuliza vitu hivi vyote ni vya nini.